Hisa ya Nyumba Si Nyumba

Uko usemi upendwao sana katika nchi yetu, na kila auzaye viwanja huutumia: ati Mungu haumbi ardhi nyingine, na watu wazidi kuzaliwa; kwa hiyo anunuaye ardhi hawezi kupata hasara akiwa na subira. Usemi huo una chembe ya ukweli ndani yake, na kwa sababu ya chembe hiyo umepoteza watu wengi kuliko uongo mtupu ungaliweza kuwapoteza. Katika miaka ya karibuni usemi huo umezaa mtoto, na mtoto huyo ndiye nitakayeshindana naye katika kurasa hizi. Wasema wasemao: ikiwa huna fedha za kununua ardhi yenyewe, nunua hisa za kampuni moja ya majumba au mashamba, ziweke sandukuni, usizitazame kwa muda wa miaka ishirini au thelathini, nawe utaamka siku moja ukiwa tajiri. Wakiulizwa ushahidi, hutoa mfano wa hisa ya kampuni moja iliyomtajirisha mtu mmoja.

Nasema shauri hilo ni baya. Halikosi kwa sababu ardhi ni kitu kibaya, wala kwa sababu subira ni upumbavu. Lakosa kwa kuwa lachukua sifa ya kitu kimoja na kukivika kitu kingine.

Tutazame kwanza kitu chenyewe. Mtu mwenye shamba la ekari mbili huko Bungoma au Kwale ana shamba kweli. Huliona, hulilima, hulikodisha, na mvua ikikosa mwaka huu shamba litakuwapo mwakani. Hapana mtu aliyesimama kati yake na udongo wake. Mwenye hisa ya kampuni ya majumba hana hata tofali moja. Alicho nacho ni haki juu ya kampuni, na kampuni ndiyo yenye majumba. Katikati yao wamesimama watu wengi: wakurugenzi, wasimamizi walipwao ada, wathamini, mawakili, wakaguzi wa hesabu, na mabenki yaliyokopesha fedha za kujengea. Kodi ya nyumba iingiapo mwisho wa mwezi, hupita kwanza mikononi mwa hao wote. Kinachobaki ndicho kiitwacho faida, na sehemu ya faida hiyo ndiyo gawio limfikialo mwenye hisa. Kampuni ikifilisika, sheria huwapanga watu katika mstari, na mwenye hisa husimama nyuma kabisa. Wadai wakishiba, yeye ataokota makombo. Aghalabu wadai hawashibi.

Juu ya hayo, liko jambo la bei. Jengo hupimwa thamani na mthamini mara moja au mbili kwa mwaka, naye hufanya kazi yake kwa utulivu. Hisa hutiwa bei sokoni kila siku ya kazi, na watiaji bei ni watu wenye hofu asubuhi na tamaa jioni. Kwa hiyo yaweza kutokea, na hutokea, jengo likawa limesimama imara, wapangaji wamo ndani, kodi yalipwa, na hisa ya jengo lilo hilo ikauzwa kwa theluthi ya bei iliyonunuliwa. Msomaji asidhani kwamba nasema mambo ya kubuni. Mfano uko hapa kwetu, Nairobi.

Mwezi wa Novemba 2015 Soko la Hisa la Nairobi lilipokea mfuko wa kwanza wa Kenya wa uwekezaji katika majumba, ulioitwa Fahari. Wanunuzi walialikwa kununua vipande vya mfuko kwa shilingi 20 kila kimoja. (Kisheria ni vipande, si hisa, lakini kwa mnunuzi wa kawaida tofauti ni ndogo: hununuliwa na kuuzwa sokoni vilevile.) Mali yake kubwa ilikuwa Greenspan, jumba la maduka lililoko Donholm, upande wa mashariki wa jiji, mahali penye watu wengi na nyumba nyingi, nayo yalikuwako majengo mengine machache. Waliouanzisha walitumaini kukusanya hata shilingi bilioni 12.5. Walikusanya zipatazo bilioni 3.6. Sheria iliutaka mfuko ugawe kwa wenye vipande si chini ya asilimia 80 ya mapato yake halisi, hata wasimamizi wasiweze kuyalundika mapato kama wapendavyo. Kama ungalitaka kuona ule usemi wa ardhi ukijaribiwa kwa haki, usingalipata mahali pazuri kuliko hapa: jengo la kweli, katika jiji linalokua, chini ya sheria kali, na bila mlima wa madeni.

Nini kilitokea? Gawio lililipwa kila mwaka, lakini katika miaka yote ile halikufika hata mara moja shilingi 1 kwa kipande. Mfuko mdogo hubeba gharama zilezile ambazo mfuko mkubwa hubeba, kama vile mashua ya watu wawili ihitajivyo nahodha sawa na jahazi la watu ishirini. Kisha mpangaji mkubwa wa Greenspan, duka la Tuskys, aliyumba na kuanguka. Mwaka 2020 ukawa pia mwaka wa ugonjwa wa korona, maduka yakafungwa mapema na wapangaji wakaomba kupunguziwa kodi. Duka la Naivas likaja likachukua mahali pa Tuskys, na jumba likaendelea na kazi yake. Lakini bei ya kipande ilikuwa imekwisha teremka, ikafika chini ya shilingi 7, na huku vitabu vya mfuko vyenyewe vyaonyesha kwamba sehemu ya majengo iliyo chini ya kila kipande ilikuwa na thamani zaidi ya maradufu ya bei hiyo. Mwaka 2023 msimamizi alijitolea kuvinunua vipande vya wawekezaji wadogo kwa shilingi 11 kila kimoja, na mwezi wa Februari 2024 mfuko ukaondolewa katika orodha ya soko kuu, ukawa ni wa wawekezaji wa kitaalamu peke yao.

Na tupige hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Mtu alinunua vipande 1,000 mwaka 2015, akatoa shilingi 20,000. Akaviweka sandukuni kama alivyoshauriwa. Akapokea gawio la miaka saba, kila mwaka chini ya shilingi 1 kwa kipande. Yaani jumla yake haifiki shilingi 7,000. Akauza mwaka 2023 kwa shilingi 11,000. Vyote pamoja havifiki shilingi 18,000. Subira ya karibu miaka minane imemrudishia chini ya kile alichotoa, na shilingi zenyewe alizorudishiwa zilinunua unga kidogo kuliko zile alizotoa. Wakati uleule Serikali ya Kenya ilikuwa ikikopa kwa wananchi na kuwalipa riba ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Shilingi 20,000 zilizokopeshwa kwa asilimia 10 tu, riba ikichukuliwa kila mwaka na kutumiwa, zingalileta shilingi 16,000 katika miaka minane, na mtaji ungalirudi mzima.

Simshtaki mtu yeyote kwa wizi katika habari hii. Hapana wizi unaohitajiwa ili hasara ipatikane, na hilo ndilo fundisho lipaswalo kumtisha kijana kuliko wizi, maana mwizi hukamatwa mara mojamoja. Hapa hapana wa kukamatwa. Jumba lingali limesimama Donholm, na watu huingia na vikapu vitupu na kutoka navyo vimejaa.

Yuko atakayesema kwamba nimechagua mfano mmoja mbaya. Nitaongeza wa pili kwa ufupi. Mwezi wa Julai 2013 kampuni ya Home Afrika, ambayo mradi wake mkubwa ni Migaa katika Kiambu, penye ekari zaidi ya 700, iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi kwa bei ya shilingi 12. Siku ya kwanza watu waliishindania hata ikapanda mpaka shilingi 25. Ilikuwa ardhi, ilikuwa Kiambu, ilikuwa karibu na jiji, nani angekosea? Miaka michache baadaye hisa ile iliuzwa kwa senti, chini ya shilingi 1. Ardhi ya Kiambu haikushuka thamani katika miaka hiyo. Aliyenunua robo ekari karibu na hapo na aliyenunua hisa hawakuvuna mavuno mamoja, ijapokuwa wote wawili waliusikiliza usemi mmoja.

Sasa nawaachia uwanja wapinzani wangu walete silaha yao kubwa, maana wanayo, na si haki kuificha. Silaha hiyo iko Marekani, katika nchi kavu ya magharibi ya Texas. Mwaka 1888, baada ya kampuni ya reli ya Texas and Pacific kufilisika, wadai wake walipewa vyeti juu ya ardhi yake, ekari zipatazo milioni 3.5. Ilikuwa ardhi ya vumbi na miiba, malisho ya ng'ombe wachache. Wasimamizi waliiuza kidogo kidogo, na kwa fedha walizopata wakanunua baadhi ya vyeti vyao wenyewe na kuvifuta, hata waliobaki na vyeti wakawa wachache, kila mmoja na sehemu kubwa zaidi ya ardhi iliyosalia. Mwaka 2010 cheti kimoja kiliuzwa kwa dola chini ya 50. Mwishoni mwa mwaka 2020 bei ilikuwa imepita dola 700. Mwaka 2021 vyeti viligeuzwa kuwa hisa za kampuni ya kawaida iitwayo Texas Pacific Land, ambayo ingali na ekari zaidi ya 800,000. Tazameni, husema wapinzani wangu: ardhi, subira na hisa moja!

Nami nasema tazameni tena. Kilichoongeza bei ile si ardhi kwa maana ya ule usemi, yaani watu kuzidi na viwanja kupungua. Magharibi ya Texas pangali na nafasi ya kulaza tembo milioni. Kilichoiongeza ni mafuta yaliyofichwa katika miamba ya bonde liitwalo Permian, na ufundi mpya wa kuipasua miamba hiyo kwa maji na mchanga, ambao ulienea katika miaka ile. Mtu wa mwaka 1888 hakuyajua mafuta hayo; alishika cheti kwa sababu aliidai reli fedha na hakupata kitu kingine. Alikufa, na mwanawe akafa, na aghalabu mjukuu naye. Kusema kwamba walikuwa na subira ni sawa na kumsifu mtu aliyepigwa na mti wa mwembe kwa sababu alipozinduka aliona embe karibu naye. Na wako wapi wale walioshika hisa za makampuni mengine ya ardhi yaliyoanzishwa Marekani katika karne ileile ya reli, yakatangaza miji katika majangwa, yakafa? Hapana mtu aandikaye juu yao. Aliyezama haji barazani kusimulia jinsi bahari ilivyo nzuri.

Hili la waliozama lataka tukae nalo kidogo, kwa kuwa ndilo shina la udanganyifu wote. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Hendrik Bessembinder, alizichunguza hisa zote za kawaida zilizokuwako katika masoko makuu ya Marekani tangu mwaka 1926 hata 2016, zaidi ya 25,000, zilizofaulu na zilizokufa pamoja, bila ya kuchagua, akayachapisha matokeo mwaka 2018. Alizipima zote, si za majumba peke yake. Alitaka kujua ni ngapi zilizomfaidia mwenye nazo, katika maisha yake yote sokoni, kuliko kama fedha zile angaliikopesha Serikali ya Marekani mwezi kwa mwezi. Mtu angalidhani kwamba nyingi zilifaulu, maana twaambiwa kila siku kwamba soko la hisa la Marekani limetajirisha taifa. Zilizofaulu hazikufika nusu. Na utajiri wote uliopita ule wa kuikopesha Serikali ulitoka katika makampuni manne tu kwa kila mia. Soko zima lilitajirika kweli. Hisa moja ya kawaida, iliyookotwa humo bila kujua, haikutajirisha.

Maana yake ni nini kwa kijana? Ni kwamba anayeshika hisa moja hanunui soko. Anunua tikiti ya bahati nasibu iliyovaa nguo za heshima. Aweza kushinda. Lakini mwenzake anayemwambia kwamba muda mrefu utamwokoa amegeuza hesabu juu chini. Muda mrefu humsaidia mtu mwenye vitu vingi, kwa sababu vichache vitakavyokua sana hupewa nafasi ya kukua. Kwa mwenye kitu kimoja, muda mrefu huzidisha pia siku ambazo kitu hicho chaweza kufa: msimamizi mbaya aweza kuja, deni laweza kukua, barabara mpya yaweza kujengwa upande wa pili wa mji na wateja wakaifuata.

Na deni ndilo muuaji mkuu wa makampuni ya majumba, kwa kuwa majumba hujengwa kwa fedha za kukopa. Katika China alitokea mtu aitwaye Hui Ka Yan, aliyeanzisha kampuni ya Evergrande mwaka 1996 katika mji wa Guangzhou. Watu wa China walikuwa wakihama mashamba kwenda mijini kwa mamilioni, jambo ambalo historia haijapata kuona mfano wake. Na kama ule usemi wa ardhi ungalikuwa kweli mahali popote duniani, ungalikuwa kweli huko. Kampuni iliingia katika soko la hisa la Hong Kong mwaka 2009 kwa dola 3.50 za Hong Kong. Mwaka 2017 hisa ilipita dola 30. Walioishika miaka minane walijiona kuwa na hekima ya Lukmani, na bila shaka walitoa mashauri kwa jirani zao. Lakini kila jumba lilijengwa kwa mkopo, na kila mkopo ulilipwa kwa fedha za mnunuzi aliyelipa kabla nyumba haijakwisha. Serikali ya China ilipoibana mikopo, mnyororo ulikatika. Mwezi wa Desemba 2021 kampuni ilitangazwa kwamba imeshindwa kuwalipa wadai wa nje. Madeni yake yalipita dola za Marekani bilioni 300. Tarehe 29 Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe, na mwezi wa Agosti 2025 hisa zake zikaondolewa sokoni. Mji wa Guangzhou haukuhama, wala majumba hayakutembea kwa miguu yake. Mwenye hisa hakubaki na mlango wa hata moja.

Wapo wanaojifariji kwa kusema kwamba kilichoshuka kitapanda. Hao hawakufundishwa vizuri asilimia, na nawaomba walimu wa hesabu wanisaidie hapa. Hisa ikishuka kutoka 20 hata 10, imepoteza asilimia 50. Ili irudi 20 haitoshi kupanda asilimia 50, maana ingefika 15 tu. Yapasa kupanda asilimia 100. Ikishuka hata 5, imepoteza asilimia 75, na kurudi yahitaji kupanda asilimia 300. Kadiri shimo liingiavyo chini ndivyo ngazi ihitajiwavyo kuwa ndefu, na urefu wa ngazi wakua upesi kuliko kina cha shimo. Nayo ikifika sifuri, hapana asilimia yoyote duniani iwezayo kuirudisha, kwa kuwa sifuri ikizidishwa mara elfu hubaki sifuri. Mnazi uliokatwa kichwa haungojewi.

Haifai kudhani kwamba elimu hii ya kutoweka vyote mahali pamoja yatoka ng'ambo na kwamba sisi twapaswa kuipokea kama wanafunzi wapya. Wafugaji wa nchi kavu za Kenya, kama Wapokot na Waturkana, waliijua kabla ya kuwako soko la hisa katika Afrika ya Mashariki. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika boma moja. Aliwapeleka wengine kwa ndugu, wengine kwa wakwe, wengine kwa rafiki aishiye mbali katika malisho mengine. Ugonjwa ukiingia upande mmoja, au wezi wa mifugo wakivamia, au mvua ikikosa, ng'ombe wa upande wa pili walibaki. Yule rafiki alikunywa maziwa, na hiyo ndiyo gharama ya mpango. Hapana mfugaji mwenye akili aliyeilalamikia. Mkulima wa pwani naye hupanda minazi, mihogo, kunde na mahindi katika shamba moja, akijua kwamba mwaka wa mahindi mazuri atakuwa na mahindi machache kuliko jirani aliyepanda mahindi matupu. Mtu huyohuyo, apatapo fedha mjini, huambiwa na mtu mwenye tai shingoni azitie zote katika hisa moja, naye husahau yote aliyofundishwa na bibi yake.

Sisemi kwamba hisa za majumba hazifai. Ni jambo jema kwamba mwalimu wa shule ya msingi aweza kuwa mwenye sehemu ndogo ya jumba la maduka ambalo peke yake asingeweza kulinunua katika maisha kumi. Lakini na awe na sehemu ndogo ya mengi: majumba kidogo, benki kidogo, viwanda kidogo, akiba katika chama cha ushirika, na mkopo kwa Serikali. Na kabla ya kununua hisa hata moja ya majumba, aulize mambo yaulizwayo na mnunuzi wa ng'ombe: anadaiwa na nani, anakula kiasi gani, atoa maziwa kiasi gani, na mbona anauzwa. Kitabu cha hesabu cha kampuni huyajibu hayo yote, nacho hutolewa kila mwaka. Wengi hawakifungui.

Limebaki pingamizi moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Husemwa kwamba anayegawanya fedha zake huwa salama lakini hawi tajiri, na kwamba matajiri wakubwa wote waliegemea kitu kimoja. Kwanza, wale matajiri waliegemea kampuni walizoziongoza wenyewe. Walikuwa wameshika usukani, hali mwenye hisa 1,000 ni abiria. Pili, na hapa ndipo wapinzani wangu wanapokosea zaidi, si kweli kwamba mgawanyaji hukosa bahati kubwa. Hisa yaweza kupotea yote, lakini haiwezi kupotea zaidi ya yote. Kupanda kwake hakuna dari. Chukua mtu mwenye shilingi 20,000, azigawanye mafungu kumi ya shilingi 2,000, asijue ni lipi litakalokuwa Fahari na lipi litakalokuwa Texas. Fungu moja likipanda kama vile vyeti vya Texas vilivyopanda kutoka dola 50 hata 700, yaani mara 14, zile shilingi 2,000 zimekuwa 28,000. Hata kama mafungu mengine tisa yote yamekufa kifo cha Evergrande, jambo ambalo ni gumu sana kutokea, mtu huyo angali na shilingi 8,000 zaidi ya alizoanza nazo.